Tairi la lori Unguja na Pemba: linadumu muda gani, na lini uliondoe

Muulize mwenye lori wa Unguja au Pemba matairi yake yamebakisha muda gani, atainama atazame kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Zikiwa bado nene atakujibu kwamba mwaka huu hanunui kitu. Kipimo hicho ni cha malori ya safari ndefu za Bara, yanayotoka Dar es Salaam na kula kilomita 800 na zaidi kabla ya kuiona Mbeya. Kule tairi zuri hufika kilomita 100,000 na kupita, na likiondolewa, mara nyingi ni kwa sababu limelika. Kwetu hali ni nyengine. Kutoka Malindi hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na Pemba nzima, kusini hadi kaskazini, haifiki kilomita 70.

Piga hesabu. Lori la mawe au mchanga likitembea kilomita 60 kwa siku, siku 25 za mwezi, linafika kilomita 18,000 kwa mwaka. Tairi lenye uwezo wa kilomita 90,000 litachukua miaka mitano kulika. Ndani ya miaka hiyo linapigwa jua, linalamba chumvi, linakatwa na jiwe la maweni, na pengine lilinunuliwa mtumba likiwa tayari na miaka minne mgongoni. Ndiyo maana visiwani tairi huzeeka kabla halijalika. Anayesubiri kashata ziishe huenda akasubiri mpaka tairi limebasti.

Ukaguzi wote ninaoueleza hapa hauchukui asubuhi nzima kwa lori moja. Ufanye gari likiwa limelala usiku kucha, matairi yakiwa baridi, na mzigo umeshushwa.

Hatua ya kwanza: soma umri wake

Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha fuata mstari wake mpaka mwisho. Utakuta tarakimu nne, mara nyingi zimezungushiwa duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwezi wa Juni. Mengine hayana DOT lakini tarakimu nne zimo. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina kazi tena chini ya gari.

Matairi mengi yameandikwa tarehe upande mmoja peke yake, na upande huo unaweza kuwa umegeukia ndani. Ingia chini ya gari na tochi na kitambaa, usikubali kukisia. Gari likiwa limeegeshwa pahali tambarare, weka magogo mbele na nyuma ya tairi, na mwambie utingo asiguse kitu kabinini mpaka utoke.

Sasa umri gani ndio mwisho? Kampuni ya Michelin inashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishafikisha miaka mitano ya kutumika, na liondolewe miaka 10 baada ya kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Uingereza wamefika mbali zaidi, na waliufikia uamuzi huo kwa msiba. Septemba 2012 basi lililokuwa linarudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha barabara karibu na Hindhead, kusini mwa nchi hiyo, baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu watatu walikufa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 19 na nusu, na wakati huo hakukuwa na sheria ya kulikataa kwa sababu ya uzee. Mama wa kijana mmoja aliyefariki alilipigania jambo hilo miaka kadhaa, na tangu Februari 2021 ni marufuku kule tairi la zaidi ya miaka 10 kukaa kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi.

Hiyo ni nchi ya baridi na mawingu. Kwa jua letu na hewa yetu ya bahari, mimi nasimama kwenye miaka 6 kwa tairi la mbele na 8 kwa la nyuma, kuanzia wiki lilipotengenezwa na si siku uliyolinunua. Kwa chai maharage, zile gari za abiria zinazopakia watu wa shamba, miaka 6 ya mbele haina mjadala. Tairi la nyuma likibasti, mwenzake pembeni hulishikilia gari kwa muda. La mbele halina mwenzake, na usukani humtoka dereva mikononi.

Spea nalo lihesabu hivyo hivyo. Tairi linaloning'inia chini ya chesisi miaka saba bila kutumika si jipya. Limezeeka pamoja na mengine.

Hatua ya pili: pima kina cha mifereji

Geji ya kupimia kina cha kashata ni kifaa kidogo na rahisi. Ukikikosa, chukua kijiti cha kiberiti, kisimamishe ndani ya mfereji, weka alama ya ukucha pale kashata inapoishia, kisha kipime kwenye rula ya mtoto wa skuli. Pima pahali patatu kwa upana, yaani bega la nje, katikati na bega la ndani, halafu zungusha tairi upime tena sehemu mbili nyengine. Namba ya kushika ni ile ndogo kuliko zote. Wastani usiutumie, kwa sababu tairi hupasukia pale lilipokuwa jembamba.

Tairi jipya la lori huanza na kina cha kama milimita 14 hadi 20, kutegemea aina na nafasi yake. Ndani ya mfereji utaona vituta vidogo vya mpira, na kwenye bega alama ya TWI au pembetatu inayokuonyesha vilipo. Kashata zikilingana na vituta hivyo, kilichobaki ni milimita 1.6, na hapo umeshachelewa. Sheria ya Marekani inataka tairi la mbele la lori lisipungue milimita 3.2. Kwetu mimi nachukua 4 kwa mbele na 3 kwa nyuma.

Pemba iongezwe. Vilima vya Wete na Mkoani, na udongo wa mfinyanzi wa njia za mashamba ya karafuu, vinahitaji mfereji wenye kina cha kutapika tope. Tairi la difu, yaani la ekseli inayosukuma gari, lenye milimita 3 litakupandisha wakati wa kiangazi, lakini mvua za masika zikianza mwezi wa Machi litazunguka pahali pamoja na mzigo utakurudisha nyuma. Kabla ya masika, tairi la difu lililo chini ya milimita 5 lihamishie kwenye gari linalofanya kazi ya lami tu, au liondoe.

Andika vipimo vyako kwenye daftari: nafasi ya tairi, tarehe yake, kina, na kilomita za gari siku hiyo. Likishuka kutoka milimita 15 hadi 12 ndani ya miezi sita, linakula nusu milimita kwa mwezi, basi limebakiwa na miezi 16 kufikia 4. Ikiwa tarehe yake inasema miaka 6 itatimia baada ya miezi 10, fuata hiyo 10.

Hatua ya tatu: ubavu

Hapa ndipo pahali pa kukaa muda mrefu kuliko pote, kwa sababu ubavuni ndiko matairi ya visiwani hufia.

Mpira wa tairi umechanganywa na nta na dawa zinazouzuia usiliwe na jua na ozoni ya hewani. Dawa hizo hupanda juu ya ngozi tairi linapojikunja na kujinyoosha barabarani. Gari likisimama wiki nyingi, hazipandi. Kwa hiyo lori lililowekwa juani likisubiri kazi hupasuka ngozi haraka kuliko linalotembea kila siku, na wenye magari wengi hawaliamini hili mpaka walione. Kagua kwa uangalifu zaidi upande ambao jua la alasiri huupiga unapoegesha.

Bonyeza ubavu kwa kidole gumba na utazame nyufa. Mistari myembamba isiyoshika ukucha ni ya uzee wa kawaida: iandike, na uirudie mwezi ujao. Ufa unaonasa ukucha, au nyufa zinazozunguka ubavu wote zikakutana, zinatosha kuliondoa tairi la mbele siku hiyo hiyo. Ukiona nyuzi au waya ndani ya ufa, tairi limekwisha, liwe la mbele au la nyuma.

Kisha mikato. Jiwe la maweni likivunjwa hutoa ncha kali zisizochakaa upesi, na njia za kuingia viwanja vya ujenzi upande wa Paje, Jambiani, Makunduchi na Michamvi zimejaa mawe hayo. Pemba utayakuta Micheweni. Kila mkato uchokonoe taratibu kwa bisibisi butu uone umeishia wapi. Ulioishia kwenye mpira hauna neno, toa kijiwe kilichonasa ili kisiendelee kujichimbia. Uliofika kwenye waya ni habari nyengine kabisa: maji ya chumvi huingia pale, kutu ikatembea ndani kwa kufuata waya, na ngozi ya tairi ikaachana na mwili wake mbali na lile tundu ulilolitazama. Gari lililovuka kwenda Pemba kwa meli likarushiwa maji ya bahari, au linaloshusha mzigo ufukweni, lioshwe matairi na rimu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Nundu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika na upepo unasukuma ngozi tupu. Nundu haina tiba wala nafasi. Hata ya nyuma, hata kwa safari ya Bububu.

Usimalize bila kutazama tairi la ndani kwenye jozi za nyuma. Ndilo linalosahauliwa, ndilo linalobanwa na jiwe kati yake na mwenzake, na ndilo lililo karibu na joto la breki. Jiwe likinasa baina ya matairi mawili, litoe kabla ya kuondoka. Mwendo ukiongezeka huweza kuchomoka na kumfikia mwenye vespa nyuma yako.

Hatua ya nne: upepo

Kugonga tairi kwa nyundo hukuambia tu kama liko tupu. Nunua geji ya upepo yako mwenyewe na upime kila wiki asubuhi. Kipimo cha juu kimeandikwa ubavuni kwa PSI pamoja na uzito wake, na kuna cha tairi moja na cha matairi ya jozi. Tairi likishatembea hupata joto na upepo hupanda, usiupunguze. Ukiupunguza sheli wakati wa mchana, kesho asubuhi unaondoka na tairi lililopungukiwa.

Katika jozi, tairi moja likipungua mwenzake hubeba mzigo wa wote wawili. Vipimo vyao vilingane, na urefu wao pia: yakitofautiana zaidi ya milimita 6 kwa kipenyo, refu linabeba na fupi linaburuzwa.

Jambo linalofuata nalisema kwa wenye magari na kwa vijana wa pancha, kwa sababu linaua. Tairi la waya, lile lenye herufi R kwenye saizi yake, lililotembea likiwa limepungukiwa sana, nyaya za ubavuni hukunjwa mpaka zikakatika ndani, na kwa nje huoni kitu. Likijazwa upepo tena, ubavu hufunguka ghafla kama zipu, na mtu aliyeinama juu yake hupigwa na upepo wote. Kwa hiyo tairi lililoshuka sehemu moja kwa tano au zaidi na likatembezwa hivyo, kwa mfano lilitakiwa PSI 100 likakutwa na 80, livuliwe kwenye rimu likaguliwe ndani kabla ya kujazwa. Wakati wa kujaza, tumia mpira mrefu wenye kichwa kinachojishika chenyewe, simama mbele au nyuma ya mwelekeo wa kashata na si usoni pa ubavu, na tairi likae ndani ya kizimba cha chuma. Ukisikia sauti ya kukatika-katika, ondoka.

Rimu za pete, zile za malori ya zamani yenye tyubu, zina hatari yake: pete isiyokaa sawasawa huruka. Isiwekwe pete iliyopinda au kuliwa na kutu, na hapa kwetu kutu haikosekani. Isigongwe kwa nyundo upepo ukiwa umeshaanza kuingia.

Uzito, kwa sababu ndio unaofupisha yote

Chukua tipa dogo lenye matairi 7.50R16 yaliyoandikwa 122/118. Maana yake tairi moja peke yake hubeba kilo 1,500, na likiwa kwenye jozi kilo 1,320. Manne ya nyuma jumla ni kilo 5,280, na humo imo sehemu ya uzito wa gari lenyewe. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kama tani 1.6. Ukirowa inakaribia tani 2. Kwa hiyo mita tatu za mchanga wa masika ni kama tani 6, na karibu zote zimekaa juu ya ekseli ya nyuma. Umeshapita uwezo wa matairi kabla ya kuhesabu bodi. Dereva anaona ndoo imejaa kiasi kile kile cha jana, lakini tairi linabeba zaidi ya tani moja ya maji. Mvua ikinyesha, punguza kina cha mzigo.

Ulikaji unaokuonyesha ugonjwa wa gari

Hili halina mengi. Katikati kumelika: upepo umezidi. Mabega yote mawili: umepungua, au mzigo umezidi. Bega moja tu: alaimenti, au kingpini na tairodi zimelegea. Vishimo vya kupishana: shokapu au balansi. Doa moja tambarare: breki zilikamata. Tengeneza gari kwanza, kisha ndio ununue tairi, vinginevyo jipya litakufa kwa ugonjwa ule ule.

Lini sasa uliondoe

Siku hiyo hiyo, bila safari ya mwisho: waya au nyuzi zinaonekana, nundu, ngozi inaachana na mwili, ufa unaonasa ukucha kwenye la mbele, au kashata zimefika kwenye TWI. Ndani ya mwezi: tairi la mbele limefika miaka 6, kina cha mbele kimeshuka hadi milimita 4, au nyufa zimeanza kushika ukucha kwenye la nyuma. Hilo la nyuma likae muda huo kwenye kazi za lami na mzigo mdogo.

Ya mbele yabadilishwe mawili kwa pamoja. Yaliyotoka mbele yakiwa mazima ubavuni yanaweza kwenda nyuma kumalizia miaka yake. Tairi la ritredi, lililobandikwa ngozi mpya, nalikubali nyuma na silikubali mbele. Kipande cha tairi kuukuu kinachotiwa ndani kuzuia tyubu isichomoze kwenye tundu ni cha kukufikisha nyumbani tu.

Unaponunua

Dukani, tarehe kwanza, bei baadaye. Tairi la mtumba kutoka Dubai au Japani linaweza kuwa na kashata za kupendeza na miaka saba ndani yake. Gawanya bei kwa miezi iliyobaki kufikia ukomo wako. Tairi la mtumba lenye miaka minne na jipya la mwaka huu, yakigawanywa hivyo kwa nafasi ya mbele, mara nyingi jipya hutoka rahisi. Jipya lililoanikwa mlangoni mwa duka juani mwaka mzima nalo liulizie jengine lililokaa ndani.

Tazama pia aina. Herufi R katikati, kama 7.50R16, ni tairi la waya. Kistari, 7.50-16, ni la nailoni. La waya halipati joto sana na hudumu zaidi kwenye lami. La nailoni lina ubavu mgumu unaovumilia mawe, na kwa tipa linaloshinda machimboni kwa mwendo mdogo nadhani bado ndilo bora. Usiyachanganye kwenye ekseli moja. Likishafungwa, kaza nati tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Gari likilala, lilale kivulini au matairi yafunikwe magunia, mbali na dizeli iliyomwagika, na lisogezwe japo kidogo kila wiki mbili. Lisiachwe na mzigo usiku.

Ulilolitoa kwa nyufa au nundu, likate ukingo wa waya kwa msumeno kabla halijatoka kwenye uwanja wako, kwani zima litanunuliwa na kurudi barabarani kwenye gari la mwengine. Lililokatwa lina wateja wake: wa katambuga, na wenye majahazi wanaotaka vizuizi vya kugesha. Usilichome, moshi wake ni sumu. Ukiliweka nje, litoboe matundu chini maji yasituame, kwa kuwa mbu wa homa ya dengi hupenda kuzaa ndani ya tairi kuukuu.